Uzi: Kuambiana ukweli wa pesa ndani ya ndoa bila kuvunjana moyo

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome jioni akishatulia.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, hapa Dar. Kwa wasiolijua: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upelekwe kwanza barazani kabla mtu hajafungua shauri la talaka mahakamani. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na hati hiyo ndiyo unayokwenda nayo mahakamani. Kuna watu ambao sheria imewasamehe hatua hiyo, kwa mfano aliyetelekezwa na hajui mwenzake yuko wapi. Wengine wote wanapita kwetu, na wengi wanakuja wameshachoka. Wanataka hati tu, waende zao.

Nilipoanza nilidhani nitasikia habari za michepuko na ulevi asubuhi mpaka jioni. Zipo. Ila kinachonikuta zaidi ni pesa iliyofichwa. Mke amekopa kimyakimya. Mume ana mkopo wa mshahara ambao nyumbani haujulikani, anakatwa mpaka amebaki na ile theluthi moja anayoachiwa mtumishi wa umma, na kila mwezi anatunga sababu mpya. Halafu siku ukweli unapojitokeza, maneno yanayosemwa humo ndani yanaumiza kuliko deni lenyewe.

Ninachotaka kusema ni hiki. Tumezoea kumlaumu aliyeficha peke yake. Kwa niliyoyaona, mtu akificha jambo kwa mwenzake mara nyingi anajua, kwa kuwa alishaonja, atapokelewa vipi akilisema. Anayetaka kuambiwa ukweli naye ana kazi yake ya kufanya, tena inaanza muda mrefu kabla ya huo ukweli kufika.

Nieleze kisa kimoja. Nimekibadilisha hapa na pale ili wahusika wasitambulike.

Mama mmoja muuza vitenge alikopa kwa wale tunaowaita kausha damu. Marejesho kila Jumanne. Waliowahi kukopa kwa kikundi wanajua yanavyokwenda: mnakutana nyumbani kwa mmoja wenu, afisa mikopo anakaa na daftari lake, na hatoki mtu mpaka hesabu ya kikundi itimie. Ukipungukiwa, wenzako wanachangishana ili waende majumbani kwao, na maneno utakayoyasikia hapo utayakumbuka wiki nzima. Yule mama biashara ikayumba. Akakopa mahali pengine kulipia hapa, kisha akachukua mikopo ya kwenye simu kulipia kule kwingine. Mume wake ni fundi umeme, anaondoka alfajiri. Siku moja kazi iliisha mapema, akarudi saa saba mchana, akakuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kimeegeshwa mlangoni na jokofu lake limeshatolewa barazani. Vitu vya ndani vilikuwa vimepigwa picha na kuandikwa kama dhamana. Yeye hakuwa anajua lolote.

Walipokuja kwetu, baba alisema jambo moja tu, na alilisema taratibu: "Mama Neema, kila jioni nauliza humu ndani mnakosa nini. Ulinionaje mpaka mimi nijulishwe na watu wa kirikuu?"

Mama kimya. Ameinamisha uso, anakunjakunja pindo la khanga.

Kuna mjumbe mwenzetu, mama mtu mzima, si mwepesi wa kuongea. Akamuuliza: "Mwanangu, mara ya mwisho kumpelekea mumeo habari mbaya, ilikuwaje?"

Ikapita dakika hivi. Kisha akasema: "Mwaka juzi nilitapeliwa ada ya mtoto kwenye simu. Nikamwambia usiku uleule. Asubuhi akampigia wifi. Jumapili tumekwenda kwa mama mkwe, tunakula, wakaanza: 'Huyu ukimpa pesa mwandikie na maelekezo.' Wote wakacheka. Na yeye akacheka."

Baba akasema: "Ule ulikuwa utani."

Mama akajibu: "Kwako."

Yule baba ni mtu mwema. Hapigi, hanywi, analeta nyumbani. Lakini siku ile mezani kwa mama yake, bila kukusudia, alimfundisha mkewe kwamba habari mbaya ukimpelekea yeye zitafika kwa ukoo mzima. Mkewe akalishika somo hilo. Hatukuwapa hati. Tulikaa nao vikao vingine, wakaandika madeni yote kwenye karatasi moja, na baba akatakiwa kwenda kwa mama yake kusema kwamba ile Jumapili alikosea. Alikwenda. Hilo la pili lilimuwia gumu kuliko kulipa.

Nisieleweke vibaya. Yule mama alikosea. Deni alilokopa yeye limeila nyumba ya wote, na tulimwambia hivyo usoni. Ila kama tungeishia kumsema yeye tu, wangerudi nyumbani na hofu ileile, na deni la pili lingefichwa vizuri zaidi.

Naweka nukta hapa, nitaendelea na namna ya kuanzisha mazungumzo. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza, Mwanza

Mkuu umeandika vizuri ila hapa umetuuza wanaume. Mwanamke akijua mshahara wako umekwisha. Kila senti inapangiwa kazi, kwao mdogo wake anasoma, kwao wanajenga. Mimi natoa matumizi, nalipa kodi na ada. Zinazobaki ni siri yangu na benki. Miaka tisa ya ndoa, hatujawahi kugombana kuhusu pesa.

Mtoa mada

Mkuu wa Mwanza, nakuheshimu kwa kuwa unatunza nyumba, wengi hilo limewashinda. Lakini soma tena ulichoandika. Hamjagombana kuhusu pesa kwa sababu hamjawahi kuzungumza kuhusu pesa. Nikuulize bila ubaya: ukilazwa leo, mkeo anajua unadaiwa na nani na unamdai nani? Anajua kiwanja kiko wapi na karatasi zake ziko kwenye begi gani? Nimeona wajane waliokalishwa chini wiki ya arobaini na watu wenye karatasi za madeni, halali na feki zote zimechanganywa, na mama wa watu hana cha kujibu maana hakuwahi kuambiwa kitu.

Hofu yako kwamba kila senti itapangiwa kazi naielewa, na ni ya kweli. Basi mwambie hiyo hofu. "Mama fulani, nikikwambia mshahara wangu naogopa tutaanza kugombania ndugu zako na ndugu zangu. Tuweke kiasi cha kwao na kiasi cha kwetu, tusivuke." Hapo umesema kweli mbili, ya pesa na ya moyo. Wanaume wengi hiyo ya pili ndiyo inayotushinda.

Sasa naendelea nilipoishia.

Tatizo kubwa ninaloliona kwenye kuanzisha mazungumzo ni kwamba mtu anaanza na hukumu. "Pesa umepeleka wapi?" Mwenzako akisikia hivyo hajaulizwa swali, ameshtakiwa, na mshtakiwa anajitetea. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa John Gottman, amefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle. Mwaka 1986 alianzisha maabara iliyopangwa kama nyumba ya kawaida, wanandoa wanakaa humo huku wanarekodiwa na mapigo ya moyo yanapimwa. Alitaja mambo manne yanayobomoa: kushambulia utu wa mwenzako badala ya jambo alilofanya, dharau, kujitetea kwa kila kitu, na kujifungia kimya kama ukuta. Dharau ndiyo aliyoiona mbaya kuliko zote. Akasema pia kwamba dakika tatu za kwanza za mazungumzo zinaonyesha sana yatakavyoisha. Nilipoisoma hiyo nilitikisa kichwa, maana barazani tunaiona kila wiki. Wanandoa wakianza kwa "wewe kila siku" na "kwenu ndivyo mlivyolelewa", hata mkae mpaka magharibi hakuna kitakachopatikana.

Anza na ulichokiona kwa macho, kisha hali yako, kisha unachoomba. Mfano: "Baba Neema, leo mwalimu amenipigia, ada ya muhula huu haijafika. Nimeingiwa na hofu. Naomba tukae usiku watoto wakilala, unieleze tumekwama wapi." Hapo hujamwita mwongo, wala hujajifanya hujaona. Kama ana la kusema, umemfungulia mlango.

Na yeye akisema, hapo ndipo penye mtihani. Unyamaze. Sisemi unyamaze kwa kununa, nasema unyamaze ukisikiliza. Usimkatishe kumkumbusha la mwaka juzi. Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako ulivyoelewa: "Kwa hiyo ulikopa kwa sababu ya msiba wa kwenu, ukaona aibu kuniomba." Ukikosea atakurekebisha. Ukipatia, utaona mabega yanashuka. Hasira yako haijakatazwa, nayo ni sehemu ya ukweli, iseme: "Nimekasirika sana na naomba tuendelee kesho." Huyo Gottman anashauri mapigo ya moyo yakipanda sana mpumzike angalau dakika 20 ndipo mrudi. Wazee wetu walikuwa wanatoka kwenda kukaa barazani kunywa kahawa, wakirudi wanaongea.

La muhimu ni kurudi. Ukisema kesho, kesho iwe kesho.

Mchangiaji wa pili

Mtoa mada ubarikiwe. Naomba niongeze langu, maana limenikuta mwaka jana.

Mume wangu alikuwa anatuma pesa kila tarehe 25 kwenye namba ambayo jina lake silijui, la mwanamke. Niliona ujumbe kwenye simu, elfu hamsini, mwezi unaofuata elfu hamsini tena. Nikajua tayari, kuna mtu. Nilikaa miezi na hilo jambo kifuani. Chakula napika bila kuonja. Nikimwangalia anavaa shati jeupe nasema moyoni leo anakwenda kwake.

Siku niliyolipuka alikaa chini akacheka kwanza, kisha machozi yakamtoka. Namba ni ya jirani wa mama yake kule kijijini, mama mkwe hana simu. Alikuwa anamtumia mama yake mzazi. Akaniambia: "Nilivyokuwa nakwambia nataka kumtumia mama, ulikuwa unasema na wangu je. Nikachoka kuomba ruhusa ya kumlisha mama yangu."

Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ni kweli nilikuwa nasema hivyo. Lakini na yeye nilimwambia: kwa elfu hamsini ya mama yako umenifanya niishi na mwanamke asiyekuwepo miezi yote ile. Sasa tunatuma pamoja, mimi ndiye ninayebonyeza. Mama mkwe akipata ananipigia kwa simu ya yule jirani, ananiombea dua mpaka naona aibu.

Mtoa mada

Dada, ahsante kwa moyo huo. Ona kilichotokea hapo: kila mmoja alikuwa na neno la haki, na kila mmoja aliliweka mahali ambapo mwenzake haoni.

Hili la wazazi na ndugu ni zito katika nyumba zetu, tusilipitie juujuu. Kijana anayepata kazi mjini ana watu nyuma yake waliouza ng'ombe asome. Hawezi kuwasahau, wala asitakiwe kuwasahau. Halafu anaoa mtu ambaye naye ana watu wake. Ongeza michango ya harusi na misiba, kadi zinakuja tatu kwa mwezi. Msipokaa mkapanga, kila mmoja atakuwa anawasaidia wake gizani na kumwona mwenzake mchoyo. Nimewahi kuona wanandoa wote wawili wanatuma kwao kwa siri, na wote wawili wanashangaa kwa nini hela hazikai.

Mchangiaji wa tatu, Tanga

Mimi ni mtu wa pwani, nitasema kinyume kidogo. Hii ya kukaa mkatazamana usoni na kusema "nimeumia" si desturi yetu sote. Kwetu mwanamke anafundwa kuvaa. Ana khanga yenye maneno, anaitanda, mume akirudi anaisoma, anajua leo kuna jambo. Ana somo wake, yaani mama aliyemfunda, shauri linapelekwa kwa somo, somo anampata mume kwa njia zake. Mambo yanatengenezwa bila mtu kuvunjiwa heshima. Nyie mnataka kila kitu kitolewe mezani kama kesi. Maneno mengine yakishasemwa hayarudi.

Mtoa mada

Dada wa Tanga, umeleta jambo ambalo nilitaka mtu alilete. Nakubaliana nawe kuliko unavyodhani. Khanga, fumbo, kumtuma somo au mshenga, hizo ni njia za watu waliojua kwamba mwenzako anahitaji nafasi ya kujirekebisha bila kuaibishwa. Kwa mambo ya moyo, ya chumbani, ya wivu, ya kuchelewa kurudi, fumbo linafika na halikati. Tatizo la siku hizi ni kwamba fumbo limehamishiwa kwenye status. Khanga aliisoma mume na labda jirani. Status inasomwa na wafanyakazi wenzake wote na mawifi, na mume ndiye wa mwisho kuelewa.

Ila kuna vitu fumbo halivibebi. Khanga itabeba kijembe, haiwezi kubeba hesabu ya marejesho ya Jumanne. Deni lina tarehe, lina mdhamini, lina kiasi. Hapo lazima namba isemwe kama ilivyo. Na somo akishakufungulia njia, bado ninyi wawili ndio mtakaokaa na karatasi.

Jambo lingine lisilongoja fumbo ni afya. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inamtaka mtu akijua ana maambukizi amjulishe mwenza wake mara moja. Ukishindwa kulisema peke yako, washauri nasaha wa kliniki wanasaidia, mnakaa watatu. Ukweli unaogusa mwili wa mwenzako hauna muda wa kusubiri siku nzuri.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma kimya kimya. Samahani nitaandika kwa kifupi. Mimi nikimwambia ukweli ananipiga. Nilivyosema nimepoteza elfu thelathini alinipiga mpaka mtoto akalia. Je, nianze vipi hayo mazungumzo ya upole?

Mtoa mada

Mwanangu, usianze. Haya yote niliyoandika juu hayakuhusu wewe, na mtu akikwambia ukiongea kwa upole ataacha, usimsikilize. Hupigwi kwa sababu umekosea namna ya kusema.

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda kwenye dawati, waambie kama ulivyotuambia sisi. Ukiwa na majeraha wataandika PF3, ile fomu ya polisi, uende hospitali, na karatasi hizo uziweke kwa mtu unayemwamini nje ya nyumba. Afisa ustawi wa jamii wa kata au wa wilaya naye ni mlango. Kwa ajili ya mtoto kuna namba 116, ni bure. Kama una dada, mama mdogo, rafiki wa kanisani au msikitini anayeweza kukupokea usiku, mwambie leo kwamba unaweza kugonga, na mkubaliane neno ambalo ukilituma tu anajua.

Na kuhusu pesa zako: kuficha elfu mbili mbili za nauli ya kuondokea si uongo wa ndoa. Ni usalama wako. Nitakuandikia pia pembeni, ukiona ni salama kwako kujibu.

Wadau wengine, naomba tusimhoji huyu dada maswali ya kwa nini bado yupo.

Mchangiaji wa tano, Muscat

Salamu kutoka Oman. Nafanya kazi za ndani huku. Natuma nyumbani karibu mshahara wote, tunajenga. Mume alisema msingi umekwisha, kisha kuta zimefika kwenye lenta. Mdogo wangu alipita akakuta msingi tu na majani yameota. Sijamwambia mume kwamba najua. Nikipiga simu ananiuliza nimekula nini, ananiita mke wangu, nami najibu vizuri. Nikikata nalia. Nifanyeje, na simu tunaongea usiku tu bosi akilala?

Mtoa mada

Pole sana mama. Umbali ni kitu kibaya kwa ukweli, kwa sababu sauti inakuja bila uso.

Kwanza, usimtume ndugu akamkamate. Akiingia mdogo wako, inakuwa vita ya ukoo na wewe uko mbali. Pili, usilifanye kwenye simu ya dakika kumi ya usiku wa manane umechoka. Chagua siku yako ya kupumzika kama unayo, mwambie mapema: "Ijumaa nataka tuongee jambo la nyumba, uwe mahali pa utulivu." Kisha sema ulilonalo bila mtego. Usimuulize "kuta zimefikia wapi?" ilhali unajua jibu. Huo ni mtego, na akidanganya mara ya pili utakuwa umemsaidia kuchimba. Sema: "Najua kiwanjani kuna msingi tu. Nimeumia. Kila riyali ninayotuma naikatia kwenye usingizi wangu. Naomba uniambie pesa ilikwenda wapi, hata kama ni vibaya."

Akisema ilikwenda kwenye matibabu, kwenye biashara iliyokufa, kwenye aibu ya kukaa nyumbani huku mke ndiye anayetafuta (na hiyo aibu ipo, wanaume wengi wanaobaki wanaibeba bila kumwambia mtu), utajua unaongea na mume. Akianza kukutukana au kukwambia uache kazi urudi, utajua pia. Kwa vyovyote vile, kuanzia mwezi huu punguza unachotuma mpaka muelewane, na mwambie kwamba unapunguza na sababu yake. Usipunguze kimya kimya ukasingizia bosi, utakuwa umeingia kwenye mchezo uleule.

Na kiwanja kiko kwa jina la nani? Kama ni la mmoja wenu, jua kwamba mahakama zetu zinaangalia mchango wa kila mmoja. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa. Wewe una mchango wa pesa wenye risiti. Zitunze zote.

Mchangiaji wa sita

Mtoa mada, nimesoma uzi wote mara mbili ndani ya daladala na nikashuka kituo si changu. Mimi ndiye mwanaume wa aina hiyo. Nilikopa kwa mtu binafsi, nikampa leseni ya makazi ya nyumba tunayoishi. Mke hajui. Nimebakiwa na wiki tatu tarehe ifike na pesa sina. Mke wangu ni mpole, hajawahi kunitangaza kwa mtu wala kunicheka. Hiyo hoja yako ya mapokezi mimi haipo. Mimi naogopa tu kuuona uso wake. Nianzie wapi?

Mtoa mada

Ndugu yangu, ahsante kwa kusema kwamba mkeo hajawahi kukutenda vibaya. Umenisahihisha, na wasomaji waone: kuna mwingine anaficha kwa sababu anapendwa na hataki kupungua machoni pa anayempenda. Kwa huyo, kazi yote ni yake.

Mwambie kesho, Jumamosi. Usingoje wiki ya mwisho. Wiki tatu ni muda ambao bado ana nafasi ya kufikiri na wewe. Siku mbili ni muda wa kulia tu. Ujue pia kwamba kisheria nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, iko kwenye kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Kama mliandikishana na kuna mahali umesema huna mke, hilo lina uzito wa jinai, mwambie na hilo. Mkeo ana haki ya kuweka zuio kulinda nyumba. Huenda hatua yake ndiyo itakayookoa paa, na hawezi kuichukua kama hajui.

Watoto wapelekwe kwa shangazi yao mchana. Usimtoe mkeo nje kwa chakula kizuri halafu umwambie hapo, atahisi ulimnunua. Ongeeni nyumbani. Usianze na historia ya biashara, wala jinsi ulivyodanganywa na rafiki. Anza na lenyewe: "Mama watoto, nimekopa pesa kwa mtu na nimempa leseni ya nyumba hii. Sikukwambia. Nimekukosea." Kisha kaa. Atauliza, mjibu alichouliza tu, kwa kiasi chake na tarehe yake. Akitaka kuondoka kwenda kwa dada yake usiku huo, mwitie bajaji, usimzuie mlangoni. Usimwombe msamaha kwa haraka ili wewe upumue. Usilie mpaka yeye ndiye akubembeleze.

Leo usiku tafuta karatasi zote: makubaliano ya mkopo, risiti za ulicholipa, ujumbe mliotumiana na huyo mkopeshaji, nakala ya leseni kama unayo. Ziweke kwenye bahasha moja umkabidhi yeye, zikae kwake. Andika na mikopo ya simu, hata ile ya elfu kumi unayodhani haihesabiki. Jumatatu mkiweza muende wote wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, na baada ya hapo kwenye ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu, mkeo akiwa na bahasha mkononi.